Visahani

Mbele ni duka: misumari kwa kilo, buti za mpira,
mbegu za kabichi, kamba, mitego ya panya.
Nyuma ni baa. Juu ni vyumba vitatu vya wageni.
Changu kina namba nne,
na Dympna, mwenye nyumba, hakuona haja ya kunieleza.
Uani, chini ya turubai, majeneza mawili.
"Marehemu baba alizika nusu ya kijiji," asema.
"Nusu iliyobaki inanisubiri mimi,
na inakunywa kwa mkopo."

Nimeingia nimelowa chapachapa.
Malachy, aliyestaafu posta, akanitazama viatu:
"Hiyo si mvua. Hayo ni mawingu tu,
leo yameamua kwenda kwa miguu."
Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Mekoni unawaka mboji,
udongo uliokatwa kinamasini mwezi wa tano
ukaanikwa kama tofali.
Moto wake hauna ndimi, hauna papara;
harufu yake huhamia kwenye sweta
ikakaa humo, mpangaji asiyelipa.

Dympna akamimina bia nyeusi, akaiacha.
Nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi dogo la vidole.
Bia ile haiharakishwi.
Tukaitazama sote ikitulia, weusi ukipanda kutoka chini,
kimya, kama wafiwa wanaomngoja padri.

Saa nne kasoro robo mlango ukafunguliwa kwa teke.
Eunan, kijana wa bondeni, matope hadi mapajani.
Hakusalimu. Alitamka neno moja
kwa lugha yao ya kale,
na baa nzima ikasimama.
Dympna tayari alikuwa dukani akikata kamba;
deni hakuliandika.
Mimi nikapewa tochi.

Zizini, mtamba, mimba yake ya kwanza,
macho yamemtoka weupe.
Mguu mmoja wa ndama uko nje,
mwingine umekunjika ndani.
Malachy, ambaye mkono wake wa kulia
hautui bilauri bila kuimwaga,
aliupaka sabuni mkono ule ule
akauzamisha hadi begani,
nao ukatulia.
Vuta. Acha. Acha apumue, mjinga wee. Vuta.

Kila nilipotazama pembeni, tochi ilinifuata
na giza likawaangukia.
Jina langu hawakulijua, wakaniita Mwanga.
"Mwanga, huku! Mwanga, chini!"
Ningewaambia kwamba kwetu
mwanga pia ni yule awangaye usiku, uchi, makaburini,
lakini saa saba, katika samadi ile,
nani angebisha?

Akatoka kwa mkupuo, kama gunia la nguo mbichi.
Hakupumua.
Eunan akachomoa unyasi kwenye nyasi kavu
akamtekenya nao puani, taratibu,
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Tukasubiri.
Ndama akapiga chafya.
Mtu mmoja akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Tuliporudi ilikuwa saa nane.
Kila bilauri pale pale ilipoachwa,
nusu, robo, funda moja,
na juu ya kila bilauri kisahani cha chai,
maua ya buluu yaliyofifia kwa kuoshwa.
Hata juu ya yangu.
Dympna amesinzia kitini, viatu miguuni.
Tukanywa wima, bila neno.
Bia ilikuwa vuguvugu, povu limekufa.

Asubuhi: mayai, soseji ya damu,
mkate wa magadi, siagi yenye chumvi.
Hesabu yangu iliandikwa nyuma ya pakiti ya mbegu:
kitanda, kimoja; bia, moja;
betri za tochi, mbili.
Nikalipa. Nikauliza habari za mtamba.
"Amesimama," akasema,
akaanza kunihesabia chenji, shaba tupu,
sarafu moja moja, polepole,
akichungulia dirishani
kama anaipa mvua nafasi ya kuanza tena.